Nywele za Mama kwenye Chujio

Shule zilipofungwa, Kibwengo alifika nyumbani na sanduku lake la bati akakuta kesi imeanza bila yeye. Hilo lilimshangaza sana. Katika miaka mitatu ya bweni la wasichana hakukuwa na kesi iliyosikilizwa mahali alipo ambayo yeye hakuwa mshtakiwa. Kengele ya asubuhi ikipotea, anaitwa yeye. Chura akikutwa ndani ya boksi la chaki, anaitwa yeye, na chura mwenyewe anaonekana kumfahamu. Jina la Kibwengo alipewa na mwalimu wa zamu, likamfuata hadi nyumbani, na mama yake mzazi alilizoea kiasi kwamba siku moja aliliandika kwenye fomu ya ada kisha akalikata kwa aibu.

Safari hii mshtakiwa alikuwa Shangazi, na kosa lenyewe lilikuwa kusuuza.

Ili haki itendeke, ni vizuri mahali pa tukio paelezwe. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa saluni. Kilikuwa na vioo viwili, draya mbili za kufunika kichwa, moja kati ya hizo ikiunguruma kama mzee anayekoroma kanisani, na kwenye kona ya nyuma sinki jeupe lenye pengo la kulaza shingo. Mama ndiye aliyekuwa mwenye saluni. Alikata, alitia dawa, alipanga rola. Pembeni alikaa Msusi, binti mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Na kwenye sinki alisimama Shangazi, dada wa Baba, aliyeishi nao tangu Kibwengo akiwa na miaka minne. Miaka kumi na mmoja alikuwa akiosha na kusuuza vichwa vya mtaa mzima. Wateja walilala pale wakiwa na hasira za waume na watoto, wakainuka wamenyamaza.

Baba alikuwa amefariki miezi minne iliyopita, ghafla, siku ya Jumanne, akiwa ameinama kufunga kamba za kiatu. Nyumba ya watu wanne ikabaki ya watatu. Kibwengo alirudi shuleni baada ya mazishi, akaweka kiapo kimoja ambacho hakumwambia mtu: watatu hawa wasipungue. Alijiwekea kiapo hicho usiku wa kwanza bwenini, chini ya blanketi, kwa uzito ambao angemcheka mwingine yeyote kwa kuwa nao.

Mwezi wa tatu baada ya msiba, nywele za Mama zikaanza kutoka.

Zilitoka kwenye kitana, zikatoka kwenye kilemba, lakini hasa zilitoka siku ya kuoshwa, Jumamosi jioni, wateja wakishaondoka na Shangazi akimlaza wifi yake kwenye sinki kama alivyofanya miaka yote. Kwa mwanamke mwingine lingekuwa jambo la kusikitisha tu. Kwa Mama, nywele zake ndizo zilikuwa kibao cha saluni. Nene, nyeusi, zikifika mabegani. Wateja wapya walizioneshea kidole wakisema, nataka kama hizo.

Jumamosi ya kwanza ya likizo, Kibwengo alikuwa amekaa juu ya boksi la shampuu akila mkate mkavu, mkutano ukaanza mbele yake.

"Wifi, hebu njoo uone," Mama alisema. Alikuwa na taulo mabegani na maji yakimtiririka shingoni. Kiganjani alishika fundo la nywele zilizolowa. "Hizi ni za leo tu."

Shangazi alivuta unywele mmoja kutoka kwenye lile fundo, akausogeza dirishani. "Unaona hiki kinukta cheupe huku mwisho? Hiki ni kichwa chake. Umetoka na mzizi. Huu uliachia wenyewe zamani, ulikuwa unasubiri maji tu yaupitie. Ningekuwa nimeukata mimi, usingekuwa na kichwa."

"Kwa hiyo makosa ni ya maji."

"Maji yamekosa nini? Wala mimi sijakosa."

"Wewe unanisuuza kama unaosha zulia, wifi."

"Zulia halinung'uniki."

Kwa miaka kumi na mmoja maneno ya namna hii ndiyo yalikuwa chumvi ya nyumba ile. Mawifi wakitaniana, Baba akijificha nyuma ya gazeti asije akaombwa kuamua. Lakini siku hiyo hakuna aliyecheka. Msusi aliinua macho kutoka kwenye begi lake, akayarudisha.

"Karani anasema kulaza kichwa nyuma si kuzuri," Mama aliendelea. Karani wa mahakama alikuwa mteja wa kila Ijumaa, mtu aliyejua jambo kuhusu kila jambo. "Anasema ule mpira wa maji unakuja na nguvu, maji yenyewe ya moto, na vidole vinachambua. Nywele zinalegea. Anasema kichwa kiinamishwe mbele, maji ya baridi kidogo, yamiminwe kwa kopo, vidole vikae mbali."

"Karani ameosha vichwa vingapi?"

"Sijasema ameosha."

"Basi."

Shangazi alianza kukunja mpira wa maji, akaukunja vibaya, akaukunjua. Kibwengo aliona midomo yake imebana. Akaona pia kwamba mambo haya yakiachwa, yataota mizizi, na kiapo chake kitakuwa mashakani. Akashuka kwenye boksi, akapangusa makombo ya mkate, akatoa hoja.

"Waheshimiwa," alisema, "mahakama haihukumu kwa maneno ya Karani peke yake. Tunataka ushahidi. Tuweke chujio la chai kwenye tundu la sinki. Jumamosi ijayo Shangazi anasuuza kwa mtindo wake, tunahesabu. Jumamosi inayofuata mimi nasuuza kwa mtindo wa Karani, tunahesabu. Shampuu ileile, kichwa kilekile."

"Wewe mtoto, utanimwagia maji masikioni," Mama alisema, lakini hakukataa.

"Haya, tuhesabu," Shangazi alisema. "Mimi siogopi chujio."

Kibwengo alikuwa na hakika kabisa. Kinukta cheupe kilikuwa kimemtosha. Kama nywele ziliachia zenyewe, zitatoka sawasawa kwa kopo na kwa mpira, hesabu zitalingana, Shangazi ataachiwa huru, na watu watatu watakunywa chai. Hivyo ndivyo alivyopanga, na ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kupanga jambo lisilo na hila ndani yake.

Jumamosi ya Shangazi walihesabu nywele mia mbili na sita. Zilipangwa kwenye taulo jeupe, kumikumi, kwa mkia wa kitana. Msusi ndiye aliyekuwa mwandishi wa kumbukumbu. Mama aliangalia safu zile, akafunga kilemba.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya Kibwengo. Aliweka beseni ndani ya sinki na chujio chini ya mdomo wa beseni, akamwinamisha Mama, akajaza kopo maji ya uvuguvugu mdogo. Shangazi alikuwa uani akianua taulo. Msusi alikuwa amekwenda dukani. Kopo la kwanza likamiminika, na nywele zikaja.

Zilikuja kama zilivyokuja wiki iliyopita, moja moja, kisha tatu tatu, zikateleza ukingoni mwa beseni na kujikunja kwenye chujio. Kibwengo hakuwa amezigusa. Vidole vyake vilikuwa mbali kama Karani alivyoagiza. Kopo la nne, chujio lilikuwa limefunikwa. Akatabasamu, maana kesi ilikuwa imekwisha.

Ndipo sauti ikatoka chini, ndani ya beseni.

"Zinatoka?"

Haikuwa sauti ya mwenye saluni. Ilikuwa sauti ndogo, ya mtu aliyefumba macho kwa sababu ya povu na kwa sababu nyingine pia. Kisogo cha Mama kilikuwa juu, na pale katikati Kibwengo aliona ngozi, mahali ambapo hakuwahi kuona ngozi.

"Chache," alisema.

Mkono wa Kibwengo siku zote ulikuwa na mazoea ya kufanya jambo kabla kichwa hakijashauriwa. Ulizoa fundo kutoka kwenye chujio, ukaliingiza mfukoni mwa aproni, ukarudi kushika kopo. Ukafanya hivyo mara tano. Ulikuwa mkono uleule uliohamisha kengele ya shule kutoka ofisini hadi kwenye tangi la maji, na haukutetemeka hata kidogo.

Msusi aliporudi wakahesabu, zilikuwa thelathini na nane.

"Rudia," Mama alisema.

Msusi alirudia. Thelathini na nane. Mama akaketi kwenye kiti cha wateja, taulo bado kichwani, akaanza kucheka. Kicheko hicho hakikuwa kimesikika ndani ya nyumba ile tangu ile Jumanne. Alicheka mpaka akashika ubavu, akamvuta Kibwengo akambusu kwenye paji la uso, akasema tumbo lake halikuzaa hasara.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na taulo mkononi. Aliziweka chini, akasogea, akachukua kitana, akahesabu mwenyewe polepole. Akahesabu tena. Alikuwa mtu mwaminifu. Alikuwa amesema haogopi chujio, na sasa chujio limesema.

"Thelathini na nane," alisema. "Basi ni mimi."

"Si wewe, wifi, ni mtindo," Mama alisema, bado anafuta machozi ya kicheko.

"Mtindo wa nani?"

Kibwengo aliomba ruhusa ya kwenda chooni, akavuta maji juu ya kila kilichokuwa mfukoni.

Angeweza kusema siku ile. Angeweza kusema kesho yake. Lakini Mama aliamka akiimba, akapaka hina kucha, akamwambia mteja kwamba kila baya lina mwisho wake. Kibwengo akajiahidi kwamba atasema Jumamosi ijayo, nywele zikipungua zenyewe. Jumamosi ikaja, hazikupungua. Aliandikisha thelathini na moja. Iliyofuata, ishirini na saba. Alizishusha taratibu ili zisitiliwe shaka, na kwa ustadi huo alijichukia kwa mara ya kwanza.

Msusi, kwa upande wake, aliitangaza habari kwa bidii ya mtu anayelipwa kwa kazi hiyo. Ijumaa Karani alifika, akakaa, akasema, "Leo kopo," kwa sauti ya kutoa hukumu. Mwenye duka la vitambaa akasema hivyohivyo. Shangazi aliweka mpira wa maji chini na kuchukua kopo. Akaanza kusuuza vichwa kama vile ni mayai. Vidole vilevile vilivyokuwa vikiingia hadi kwenye ngozi na kutoa povu lote, sasa vilielea juu juu, vikiogopa. Mwenye duka la vitambaa alirudi kesho yake na ukoko mweupe wa shampuu nyuma ya masikio.

"Wifi," Mama alisema baadaye, bila ukali, "hebu pumzika na sinki kidogo. Utusaidie upande wa taulo."

"Sawa."

"Ni kwa siku chache."

"Nimesema sawa, wifi."

Jumatatu, siku ambayo saluni haifunguliwi, Kibwengo alimkuta Shangazi uani, amekaa kwenye kibaraza na rundo la taulo. Alikuwa akizikunja zilizokwisha kukunjwa. Akamwita kwa mkono.

"Hebu njoo, mwanangu. Nikuulize kitu usinicheke."

"Mimi sicheki watu, Shangazi."

"Wewe? Haya." Akaweka taulo kando. "Ukimsuuza mama yako, kopo unalishikia juu au chini? Yale maji yanaanzia utosini au kisogoni?"

Mwanamke aliyeosha vichwa kabla yeye hajajua kusoma alikuwa anamwomba somo.

"Popote tu," alisema.

"Popote haiwezekani. Kuna jinsi unavyofanya. Nioneshe. Nisuuze mimi, nikuangalie mkono unavyokwenda."

"Utaangaliaje ukiwa umeinama?"

"Nitasikia kichwani. Twende."

Wakaenda kwenye sinki, saluni ikiwa kimya na viti vimefunikwa vitambaa. Shangazi akafungua kilemba, akainama mbele juu ya beseni. Nywele zake zilikuwa fupi, zenye mvi pembeni. Kibwengo alimpaka shampuu, akajaza kopo, akamimina kuanzia utosini.

Nywele zikaja.

Zilikuja nyingi. Mvi kwa nyeusi, fupi fupi, zikajaa kwenye chujio, kila moja na kinukta chake cheupe. Kibwengo alisimama na kopo hewani. Hakuwa amefikiri hata mara moja kwamba Shangazi naye alifiwa. Kwake Baba alikuwa mume wa Mama na baba yake yeye. Kwamba alikuwa pia mdogo wa mtu, aliyebebwa mgongoni na mtu huyu, halikumpitia akilini. Aliangalia kisogo kile, akaona na chenyewe kimepungua.

"Mbona umesimama?" Shangazi aliuliza. "Zinatoka?"

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Maneno yalifika mdomoni. Lakini mkono, kwa mazoea yake mabaya, ulikuwa umeshazoa chujio.

"Hapana, Shangazi. Mbili tatu."

"Kweli," Shangazi alisema ndani ya beseni. "Hata sisikii kitu. Una mkono mzuri, mwanangu. Mimi sijui nilikosea wapi miaka yote hii."

Jumatano asubuhi Shangazi alikuwa amefunga mfuko wake mkubwa wa zipu. Alisema amepata mahali, saluni moja ng'ambo ya soko, wanataka mtu wa kufua na kukunja taulo, na kuna chumba cha nyuma cha kulala. Hakuna ugomvi, alisema. Mtu akikaa mahali pamoja muda mrefu anaota kutu.

"Si lazima uende, wifi," Mama alisema.

"Najua."

Mama akashika mkono mmoja wa mfuko, Shangazi akashika mwingine, wakaubeba pamoja hadi getini. Wakaagana kwa adabu kubwa, kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki na kupendana kidogo. Kibwengo aliwaangalia kutoka dirishani. Nyumba ilikuwa na watu wawili sasa, na hakuna aliyekufa.

Jumamosi ile alimwinamisha Mama kwenye beseni, akamimina maji, na hakugusa chujio. Alipomaliza alilitoa, akaligeuza juu ya taulo jeupe, akasimama na mikono nyuma kama alivyozoea kusimama ofisini kwa mwalimu wa zamu.

Mama alitazama lundo lile. Hakuhesabu.

"Ni hivi siku zote," Kibwengo alisema. "Nilikuwa nazificha. Kwenye aproni. Tangu siku ya kwanza. Shangazi hakukosa kitu, zilikuwa zinatoka sawasawa tu. Ni mimi."

Alisubiri kofi, au kilio. Mama alijifuta uso kwa ncha ya taulo, akaketi.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Mto naulalia mimi, Kibwengo. Foronya haina mfuko wa aproni. Wiki ile ya kwanza niliamini, nakuapia niliamini kabisa. Ya pili nikaamka asubuhi, nikaangalia mto, nikajua."

"Mbona hukusema?"

Nje mtoto wa jirani alikuwa akiburuta kopo la bati kwa kamba, na waliusikiliza mlio ule hadi ukapotea.

"Mikono ya shangazi yako," alisema hatimaye, "ni ya baba yako. Vidole vilevile, hata jinsi vinavyokaa nyuma ya sikio. Akinilaza pale nikafumba macho, ni yeye. Ananishika kichwa kabisa. Halafu maji yanakatika, nafumbua macho, ni wifi na taulo. Kila Jumamosi nilikuwa namzika upya, unanielewa? Nilitaka aendelee kunisuuza hadi kesho, na nilitaka asiniguse tena. Nitamwambiaje mtu hivyo? Nikasingizia nywele. Ukaniletea chujio lako, nikalipokea."

"Tukamrudishe, Mama."

Mama alianza kuzikusanya nywele kutoka kwenye taulo. "Nenda kamwambie ukweli wa chujio. Hiyo ni haki yake. Asikae na wasiwasi na kazi yake."

Hakusema neno la kumrudisha. Kibwengo aliona hilo, lakini alikuwa na miaka kumi na mitano, na aliamini kwamba ukweli ukishatoka mengine hujipanga yenyewe.

Saluni ya ng'ambo ya soko ilikuwa na vioo sita na redio. Shangazi alikuwa nyuma, kwenye korido yenye waya za kuanikia, mbele ya karai la taulo. Alipomwona Kibwengo alifurahi, akampisha kwenye kigoda chake, akabaki amesimama. Kibwengo akakataa kukaa. Alisema yote kwa mara moja, bila mapambo, akitazama karai.

Shangazi alikamua taulo moja hadi mwisho. Akaianika, akainyoosha pembe.

"Na mimi?" aliuliza. "Siku ile uliponisuuza mimi?"

"Na wewe pia nilizificha."

"Zilitoka?"

"Zilitoka, Shangazi. Nyingi."

Shangazi alitikisa kichwa taratibu, na uso wake ukalegea, karibu upate nafuu. "Aa. Nilikuwa najiuliza. Mama yako zinamtoka, mimi niko salama tu. Nikasema labda sikumlilia baba yako vya kutosha."

Kibwengo alishindwa kuangalia hata karai.

"Na mama yako amejua?"

"Amejua."

"Lini? Leo?"

Angeweza kudanganya. Uongo mmoja mwingine, mdogo, na ungekuwa wa huruma kuliko yote. Mkono wake wa kulia ulijikunja wenyewe ndani ya mfuko wa gauni.

"Wiki ya pili," alisema.

Redio ilikuwa inatangaza hali ya hewa. Shangazi alihesabu kwa midomo bila sauti, wiki ya pili, ya tatu, ya nne, hadi alipofika kwenye ile Jumatano.

"Kwa hiyo tulipobeba mfuko pale getini, alikuwa anajua."

"Anasema ni mikono yako, Shangazi. Anasema ni mikono ya Baba. Ukimshika anamwona yeye."

Shangazi akatoa kicheko kifupi cha puani. "Mdogo wangu yule? Yule hajawahi kuosha hata kikombe. Mikono yake ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga." Alikamua taulo nyingine, ingawa ilikuwa imeshakamuliwa. Mabega yake yalitikisika kidogo, na Kibwengo hakujua kama bado anacheka. "Basi asilazimishwe," alisema baadaye. "Mtu halazimishwi."

"Hutarudi?"

"Amekutuma kuniita?"

Kibwengo aligeukia taulo zilizoanikwa.

"Basi." Shangazi alijifuta mikono kwenye khanga, akachungulia ndani ya saluni, ambako binti mmoja alikuwa akimsuuza mteja huku akiongea na mwenzake. Alimtazama kwa muda mrefu kwa jicho la mtu wa kazi. "Yule anaacha povu kisogoni. Angalia. Nitamwambia mwenye saluni leo. Niletee ndala zangu za sinki, zile za kijani, zipo chini ya rafu ya taulo. Sakafu ya hapa inateleza."

Kibwengo alirudi nyumbani kwa miguu. Mama alikuwa akifagia saluni, kilemba kimefungwa vizuri. Hakuuliza kitu, na Kibwengo akamwambia hayo ya mwisho tu: anataka ndala zake.

Mama aliegemeza ufagio ukutani. Akapiga magoti, akazitoa ndala chini ya rafu. Zilikuwa zimepauka, na nyayo za Shangazi zimejichora juu yake, kisigino na vidole. Kibwengo alifungua mfuko wa plastiki na kuusogeza. Lakini Mama alizipeleka kwenye sinki, akachukua brashi, akazipaka shampuu ya wateja, akaanza kuzisugua. Alisugua nyuzi, alisugua pembeni, alisugua chini ambako hakuna anayeangalia. Akazisuuza kwa mpira, maji ya moto, kwa nguvu zote.

"Mwambie," alisema, kisha akaigeuza ya kushoto akaisuuza mara ya pili, ingawa ilikuwa safi.

Kibwengo alisimama na mfuko wazi mikononi, akisubiri kusikia amwambie nini. Mama akafungua maji zaidi.